Kuilegeza Nafsi Katika Shughuli za Kila Siku: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Wengi wanaoanza safari ya kiroho hukwama mahali palepale. Wiki ya kwanza wanaamka alfajiri, wanasali kwa kirefu au wanakaa kimya, wanajisikia wepesi. Kisha mtu anawakosoa mbele ya wenzao, na kufumba na kufumbua utulivu wote umekwisha. Sauti imepanda, uso umekunjamana, maneno yamekwisha kutoka. Usiku wanajiuliza, "Sasa hizi sala zangu zinanisaidia nini?"

Tatizo si uhaba wa sala. Wanafanya mazoezi mahali ambapo nafsi haiguswi, kisha wanashangaa inapoguswa. Chumbani peke yako, mlango umefungwa, hakuna wa kukupinga, kwa hiyo nafsi inalala na wewe unadhani imekufa.

Nafsi, kwa maana ya ile sauti inayotaka kila jambo limhusu "mimi", hubana zaidi katika nyakati tatu: unapokosolewa, unaposifiwa na unapopuuzwa. Mwongozo huu umejengwa juu ya nyakati hizo. Ukimya na sala vimo, lakini kama maandalizi ya kazi yenyewe.

Na usijaribu kuiua. Unaihitaji ili udai haki yako, usaini mkataba, ukatae usichokitaka. Kinachotafutwa ni kulegeza mshiko wake: iseme, uisikie, lakini isikuburute.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo na kalamu. Simu haifai. Ndani yake kuna ujumbe unaosubiri kukusifu au kukukera, na kilichoandikwa kwenye simu ni rahisi mno kumtumia mtu.
- Dakika 10 asubuhi na dakika 10 usiku. Usianze na saa nzima. Anayeanza na saa nzima huacha mapema, na akiacha hupata jambo jingine la kujilaumu.
- Mahali pamoja pa kukaa. Kiti au mkeka, vyovyote, ila pawe palepale kila siku.
- Desturi moja ya kiroho. Mwenye dini ashike ya dini yake: sala, dhikri, rozari, mstari wa maandiko. Asiye na dini atumie pumzi yake. Usichanganye desturi tatu kwa mpigo, maana utaishia kuzilinganisha badala ya kuzifanya.
- Shahidi mmoja. Mtu anayekufahamu, asiyekuogopa, na asiye na cha kupata kwa kukusifu. Mtu uliye mkubwa wake kazini hafai. Anayekutegemea kwa fedha hafai. Huyu ndiye kifaa kigumu kuliko vyote kupatikana, na bila yeye hatua ya 7 haifanyi kazi.

Huhitaji mavazi maalumu, ubani wala semina ya kulipia.

Onyo kabla ya kuanza. Ikiwa umewahi kupata ugonjwa wa akili unaoleta kusikia sauti au kuona visivyokuwapo, ikiwa unaishi na kumbukumbu za tukio la kutisha, au uko katikati ya sonona nzito, ongea kwanza na mtaalamu wa afya ya akili. Kukaa kimya na mawazo yako kunaweza kuyaamsha mambo ambayo hupaswi kuyabeba peke yako.

## Hatua ya 1: Wiki moja ya kuandika tu

Wiki hii hubadilishi chochote. Kila unapohisi umechomwa, au umevimba kwa sifa, andika mistari minne mifupi mapema iwezekanavyo: nini kimetokea, mwili umehisi wapi, sentensi gani imepita kichwani, na umechukua muda gani kupoa.

Ukurasa wenyewe unaweza kuwa hivi:

> *Jumanne, kikaoni. Mwenzangu ametoa wazo nililolisema mimi wiki iliyopita, wote wakampongeza. Masikio ya moto, taya limekaza. "Hawajui kwamba ni langu." Nimepoa jioni.*
>
> *Jumatano. Nimetuma ujumbe mrefu, nimejibiwa "Sawa". Tumbo limekaza. "Ananidharau." Bado nawaza na sasa ni usiku.*
>
> *Alhamisi. Mkuu amenisifu mbele ya watu. Kifua kimepanuka, nikaanza kuongea kuliko kawaida yangu, nikamkatiza mwenzangu mara mbili. "Hatimaye wameniona." Sikumbuki nimepoa lini.*

Itazame ile ya Alhamisi. Wengi hawaandiki kabisa siku walizosifiwa, kwa sababu sifa haziumi. Lakini nafsi hunenepa kwenye sifa na kulia kwenye lawama, na ni ileile moja. Ukiandika upande mmoja tu, daftari lako litakuwa kitabu cha malalamiko.

Kwa nini mwili? Kwa sababu mwili hauna ujanja. Kichwa kitakuambia "mimi sijakasirika, natetea ukweli tu," huku taya limekaza kama ngumi. Kila mtu ana mahali pake: wengine shingo, wengine tumbo, wengine viganja. Ukishapajua pako, una kengele itakayokusaidia katika hatua ya 3.

Mstari wa muda wa kupoa ndio kipimo cha kazi nzima. Usipime maendeleo kwa mara ulizokasirika. Kuchomwa hakutakoma, hata kwa watu waliokesha miaka katika ibada. Kinachobadilika ni muda wa kubaki umechomwa: kutoka siku mbili hadi nusu siku, kutoka nusu siku hadi dakika chache.

Jihadhari na kuligeuza daftari kuwa mahakama. Qur'ani inataja nafsi inayoamrisha maovu (12:53), nafsi inayojilaumu (75:2) na nafsi iliyotulia (89:27), na walimu wengi wa tasawufi, njia ya kiroho ya Kiislamu, wamezichukua hizo tatu kama ngazi. Angalia kujilaumu kulipo: katikati. Ni mahali pa kupita. Mtu anaweza kukaa hapo maisha yake yote akijiita mwovu kuliko wote, na hilo nalo ni namna ya kujiweka katikati ya kila jambo.

Hatua imekaa vizuri pale unapoona sentensi zilezile mbili au tatu zinarudi siku baada ya siku. Matukio yatakuwa tofauti, watu tofauti, ila sentensi ni ileile: "hawanithamini", "mimi ndiye ninayejua", "wataniona mjinga". Ukiona hivyo, endelea. Usipoona, ongeza wiki nyingine. Hakuna anayekukimbiza.

## Hatua ya 2: Dakika 10 za asubuhi

Kaa. Mgongo uwe wima bila kukakamaa, mikono juu ya mapaja. Macho yafungwe au yatazame sakafu. Weka saa ilie baada ya dakika 10 ili usiichungulie.

Peleka usikivu wako kwenye kitu kimoja. Kama ni pumzi, ihisi inapoingia na kutoka puani, bila kuilazimisha. Kama ni neno la dhikri au sala fupi, lirudie polepole pamoja na pumzi. Watawa wa jangwa la Misri katika karne ya 4 walikuwa na desturi ya kushika mstari mmoja tu na kuurudia siku nzima. Mstari wa kwanza wa Zaburi ya 70, unaomwomba Mungu afanye hima kusaidia, ulikuwa mojawapo.

Akili itatoka. Itakwenda kwenye kile kikao cha Jumanne, itapanga jibu ambalo ungelitoa, itakufanya mshindi wa mabishano yaliyokwisha. Ukigundua, sema moyoni "nawaza", kisha rudi. Bila kujikaripia. Kugundua na kurudi ndilo zoezi lenyewe, kwa hiyo aliyetoka mara thelathini na kurudi mara thelathini amefanya kazi kuliko aliyekaa akisinzia kwa raha.

Sababu yake iko pia upande wa sayansi. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake walieleza sehemu za ubongo ambazo hufanya kazi zaidi pale mtu anapokuwa hana shughuli maalumu. Tafiti zilizofuata zilizihusisha kwa kiasi kikubwa na kujifikiria: yaliyonipata, watanionaje, itakuwaje kwangu. Kwa maneno mengine, ubongo ukiachwa bila kazi, hupenda kusimulia hadithi ya "mimi". Dakika hizi 10 zinakufundisha kuisikia hadithi ikianza.

Ukihisi moyo unakwenda mbio, kifua kinabana au kumbukumbu mbaya zinafurika, fungua macho, simama, tembea taratibu ukihisi nyayo zako zinavyogusa chini. Kutembea hivyo ni zoezi kamili. Ikiwa hali inajirudia kila asubuhi, acha na utafute msaada.

Usitarajie kichwa kitupu, na ukikipata usikitangaze. Dalili ya kweli ni ndogo: siku za mwanzo unagundua umetoka baada ya dakika tatu nzima, baadaye unagundua baada ya pumzi chache.

## Hatua ya 3: Pumzi moja kabla ya jibu

Hapa ndipo kazi ilipo. Ukikosa muda wa hatua nyingine zote, fanya hii.

Kati ya kuchomwa na kujibu kuna nafasi, ndogo sana, na kwa wengi wetu imeziba kabisa. Unaifungua hivi:

1. Kengele ya mwili. Taya, masikio, tumbo, chochote ulichokiona kwenye daftari. Ikilia, usiseme kitu bado.
2. Miguu. Hisi nyayo zako chini. Inachukua nukta moja na inakutoa kichwani.
3. Pumzi ndefu ya kutoa. Moja tu, puani, bila sauti. Ukihema kwa kishindo mwenzako atadhani unamsonya.
4. Neno moja. Taja moyoni unachokihisi: aibu, hasira, wivu, hofu.
5. Swali. "Hapa nalinda nini?"
6. Ndipo ujibu, au unyamaze.

Usiiruke namba 4 kwa sababu inaonekana ya kitoto. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake walionyesha kwamba watu wanapoipa hisia jina kwa neno, shughuli ya amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika sana na hofu na hatari, hupungua. Neno liwe la hisia, lisiwe hukumu. "Aibu" ni hisia. "Huyu mjeuri" ni hukumu, nayo huchochea moto.

Namba 5 nayo ina utamu wake. Mara nyingi jibu litakuwa dogo kiasi cha kukuchekesha. Chukua mzazi ambaye mtoto wake anamwambia mbele ya wageni:

"Baba, lakini jana ulisema saa kumi."

Masikio yanapata moto. Jibu lililo tayari mdomoni ni "Usinijibu mimi!" Sasa ile pumzi. Neno: aibu. Analinda nini? Analinda picha ya baba asiyesahau. Hicho tu. Mtoto hakuvunja adabu, amesema kweli, na kwa upole.

"Kweli mwanangu, nilisema saa kumi. Nilisahau."

Wageni hawatamwona mdogo, na mtoto amejifunza jambo ambalo mahubiri kumi yasingemfundisha.

Mazoezi yaanze kwenye mambo madogo. Mtu amekuruka foleni, amekosea jina lako, hajarudisha salamu. Usiende moja kwa moja kwenye ugomvi wa urithi na ndugu zako, utashindwa, kisha utasema njia haifai.

Kwa sifa, fanya vivyo hivyo. Pumzi moja, kisha "asante". Usijikane kwa maneno mengi ("aah, mimi si kitu, mimi nani bwana") kwa sababu hiyo mara nyingi ni njia ya kuomba usifiwe mara ya pili. Asante inatosha, kisha urudi kwenye kazi.

Onyo: pumzi hii si ya kumeza hasira. Aliyemeza ananyamaza nje huku ndani anaandika hati ya mashtaka. Utamjua kwa jinsi anavyofunga mlango. Ikiwa baada ya kutulia bado kuna jambo la kusema, liseme. Litatoka fupi zaidi.

Mafanikio hapa huja kinyumenyume. Kwanza utakumbuka pumzi saa moja baada ya kugombana. Halafu utaikumbuka katikati ya sentensi yako, mdomo wazi. Halafu mara chache, kabla. Kukumbuka umechelewa ni hatua halali, kwa hiyo iandike kwenye daftari kama maendeleo.

## Hatua ya 4: Jambo moja jema la siri

Kila siku fanya jambo moja la manufaa ambalo hakuna atakayejua kwamba ni wewe. Okota, safisha, lipia, ombea, rekebisha kosa la mwenzako kabla halijaonekana. Dogo linatosha.

Injili ya Mathayo sura ya 6 inataka mkono wa kushoto usijue unachotoa mkono wa kulia. Hadithi ya Mtume kuhusu watu saba watakaopata kivuli cha Mungu inamtaja aliyetoa sadaka kwa siri namna hiyohiyo. Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, alipopanga ngazi nane za kutoa, aliweka juu sana ile ambayo mtoaji hamjui mpokeaji wala mpokeaji hamjui mtoaji. Walikuwa mbali kwa zama na imani, na wote waliona ria, yaani kutenda jema ili uonekane, inavyokula jema kutoka ndani.

Masharti ni makali: usimwambie mwenzi wako, usidokeze, usiseme "sipendi kujisifu lakini". Usiandike hata kwenye daftari ulichofanya. Andika neno "nimefanya" tu.

Utahisi mwasho wa kutaka kusema. Unaweza kuwa mkali ajabu, hasa pale mtu mwingine anaposhukuriwa kwa kazi yako. Huo mwasho ndio somo la hatua hii, kuliko hata jema lenyewe. Kaa nao. Utapita.

Ukijikuta unasahau ulichofanya juzi, umefika.

## Hatua ya 5: Kusikiliza bila "hata mimi"

Chagua mazungumzo mamoja kwa siku ambamo hutaleta habari zako. Mtu anasema ameumwa, usiseme ulivyoumwa wewe. Anasema amesafiri, usitaje safari yako. Uliza, nyamaza, uliza tena. Jaribu mara moja tu uone ilivyo ngumu: "hata mimi" hutoka yenyewe kama chafya.

Tunajibandika kila mahali kwa sababu tunadhani kila jicho liko kwetu. Thomas Gilovich na wenzake walichapisha mwaka 2000 majaribio ambamo wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji waliyemwonea aibu, wakaingia chumbani mwa wenzao. Waliovaa walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wameitambua picha. Kwa kweli ilikuwa kama robo. Watu wana shughuli zao, nao wanawaza fulana zao.

Na nyumbani kuna hesabu nyingine. Mwaka 1979 Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza wanandoa, kila mmoja peke yake, anabeba sehemu gani ya majukumu ya nyumba. Kwa wengi, ukijumlisha majibu ya wawili hao, yalizidi asilimia 100. Hakuna aliyekuwa akidanganya. Kila mtu anakumbuka jasho lake kwa sababu alikuwapo likimtoka. Kwa hiyo unapohisi "kila kitu nafanya mimi," kabla ya kulitamka, taja moyoni mambo matatu aliyoyafanya mwenzako wiki hii bila kuombwa.

Onyo kubwa. Unyenyekevu si kukubali kudhalilishwa. Ikiwa unapigwa, unatishwa, unanyang'anywa au unatukanwa kila siku, hatua hii haikuhusu sasa. Linalokuhusu ni usalama wako na kupata msaada. Wapo wanaopenda kuwahubiria unyenyekevu watu wanaowaonea.

Ukishindwa kutofautisha kama unachotetea ni haki au ni kiburi, jiulize: jambo hili angefanyiwa mtu mwingine, ningelisimamia vilevile? Kama ndiyo, simama. Kama linakuuma kwa sababu tu limekupata wewe, rudi kwenye pumzi.

## Hatua ya 6: Kuomba radhi bila "lakini"

Fupi. Sema ulichofanya, sema kilichomfanyia mwenzako, sema utakachofanya. Nyamaza.

"Dada, nilikukatiza kikaoni mara mbili, ukashindwa kumaliza hoja yako. Nisamehe. Kesho nitaomba upewe nafasi uimalize."

Hakuna "lakini", hakuna "kama nimekukwaza", hakuna maelezo ya jinsi ulivyokuwa umechoka. Na usisubiri asamehe hapohapo, maana kumdai msamaha ni kumtwika kazi ya kukuliwaza wewe.

Ukijikuta umeomba radhi mara kumi kwa wiki kwa mambo ya hewani, punguza. Hiyo nayo ni kutafuta kutazamwa.

## Hatua ya 7: Hesabu ya usiku, na shahidi

Waislamu huiita muhasaba. Ignatius wa Loyola (1491–1556), mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti katika Kanisa Katoliki, aliwaachia wafuasi wake desturi ya kuchunguza dhamiri mara mbili kwa siku. Wewe anza na mara moja, usiku, daftari mkononi:

- Leo nimepokea nini ambacho sikukistahili? Anza na hili. Ukianza na makosa, utalala na makosa.
- Wapi nafsi ilinibana? Pitia nyakati tatu: lawama, sifa, kupuuzwa.
- Ilichukua muda gani kupoa?
- Kuna mtu ninayemdai neno, au anayenidai neno, kesho?

Kisha sala, au ukimya kidogo, na ulale. Ukizidisha dakika 10 utaanza kujichokonoa.

Mara moja kwa wiki onana na shahidi wako. Nyani haoni kundule, na daftari umeliandika wewe mwenyewe, kwa hiyo lina upendeleo. Muulize swali moja: "Wiki hii umeniona wapi nikijikweza?" Kisha usijitetee. Ruhusa pekee uliyo nayo ni kusema "nimesikia" na kuuliza mfano. Akisema "hapana, uko vizuri tu" wiki tatu mfululizo, ama anakuonea haya ama anakuogopa. Mwombe akutajie hata jambo dogo.

Mwambie pia mipaka yake: anataja alichokiona, hatoi tafsiri ya utoto wako. Na habari zako zisitoke kwake.

## Mtego unaowakamata waliofika mbali

Baada ya miezi kadhaa mambo yatakuwa yamelainika, na hapo nafsi itabadilisha nguo. Itavaa joho la kiroho. Evagrius wa Ponto, mtawa wa karne ya 4 aliyeishi Misri, alilieleza vizuri: majivuno husubiri vishawishi vingine vishindwe, kisha hujitokeza na kumsomea mshindi orodha ya fadhila zake. Katika zama zetu Chögyam Trungpa, mwalimu wa Kibuddha kutoka Tibet, alionya tangu 1973 juu ya watu wanaokusanya mambo ya kiroho kama mali, na mwaka 1984 mwanasaikolojia John Welwood akalipa jina tatizo jirani: kutumia mambo ya kiroho kukwepa majeraha na majukumu ambayo hujayashughulikia.

Dalili zake ninazoziona mara kwa mara:

- Unawahurumia wasio na njia kama yako, na huruma hiyo ina ladha tamu.
- Unasema polepole kuliko zamani, hasa mbele ya watu.
- Mtu akikukosoa, unajibu "hiyo ni nafsi yako inaongea".
- Una amani kubwa na deni lile hujalipa, na yule ndugu hujampigia.

Hiyo ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inageuza dawa kuwa rungu. Maneno ya mwongozo huu yatumike kwako peke yako. Siku utakapomwambia mwenzi wako "fanya pumzi moja", utakuwa umestahili chochote atakachokujibu.

Tiba yake haina fahari: kazi ya mikono isiyosifiwa, hatua ya 4 bila kukosa, na kujifunza kitu ambacho hukijui kabisa chini ya mtu mdogo kuliko wewe. Kukosea mbele ya mwalimu mwenye umri wa mwanao hufanya kazi haraka kuliko kukesha.

## Mwendo, na ukikwama

Usianze hatua zote pamoja. Wiki ya kwanza ni ya daftari. Ya pili ongeza asubuhi. Hatua ya 3 ipe wiki tatu nzima peke yake, ikisindikizwa na asubuhi na daftari. Nyingine ziingie moja moja, hesabu ya usiku ikichukua nafasi ya kuandika mchana.

Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake, uliochapishwa 2010, ulikuta kwamba tabia mpya huchukua wastani wa siku 66 hadi ifanyike bila kusukumwa, lakini tofauti kati ya watu ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo usijilinganishe na mwenzako mliyeanza naye.

"Sihisi chochote asubuhi." Hutakiwi kuhisi. Tazama muda wa kupoa kwenye daftari. Ukipungua, kazi inafanyika.

"Nimekuwa mwepesi wa kuumia kuliko zamani." Kwa wiki chache za mwanzo ni kawaida, kwa sababu unayaona uliyokuwa ukiyafunika. Ikivuka miezi miwili bila kupungua, punguza kukaa kimya, ongeza kazi za mikono na kutembea, na zungumza na mtu mwenye ujuzi.

"Nyumbani wananicheka." Maana yake umewaambia. Acha kuwaambia.

"Nimeacha kwa wiki tatu." Usirudi hatua ya 1 kwa toba kubwa na daftari jipya. Anza na hatua ya 3 leohii, kwenye jambo la kwanza litakalokuudhi, kisha kesho asubuhi kaa dakika zako 10.

"Shahidi wangu ameanza kuvutiwa nami." Mshukuru, tafuta mwingine.